Dada Mwenye Ndevu

Tangu Ijumaa, simu za rafiki zangu wote hapa Dubai zimenihifadhi kwa jina la Dada, na ua pembeni.

Mkosi ulinikuta kwa kinyozi, Deira. Nimekaa kitini, shuka shingoni, ndevu zimejaa kifuani. Kinyozi, mtu wa Kolkata, akainama kwa heshima zote na kuuliza kwa sauti ya mnadani: "Dada, ndevu nipunguze au nitoe zote?" Benchi la nyuma, watu wa Dar watupu, lilikaribia kupinduka.

Na hakunikosea! Kwa Kibengali, dada ni kaka mkubwa. Sourav Ganguly, aliyekuwa nahodha wa kriketi wa India, huitwa Dada na mashabiki wake, wala hakuna anayemtumia ua. Kwa Kihindi, dada ni babu mzaa baba. Kwa Wayoruba, Dada ni mtoto aliyezaliwa na nywele zilizojisokota zenyewe. Huyo angalau ana shida na kinyozi. Mtoto wa Kifaransa akisema dada anataka farasi wake wa mbao, na mwaka 1916, mjini Zürich, wasanii waliochoshwa na vita wakalifanya jina la sanaa yao ya kuikejeli mantiki.

Chanzo kikubwa cha vurugu hii ni vichanga. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili vizuri: mtoto akinyonya, mdomo umezibwa na titi, mlio unaobaki ni wa puani, mmm. Akiachia titi, mdomo ukafunguka, imeshakuwa ma. Midomo ikigongana inatoka ba; ulimi ukigusa nyuma ya meno, da. Hajamwita mtu, anajaribu mitambo tu. Ila watu wazima wamemzunguka, kila mmoja anaapa ametajwa yeye. Huko Georgia, milimani Kaukasi, mwanamume alitangulia kufika: kwa lugha yao, mama ni baba.

Lakini kicheko kile bado kinanikera. Wanaume wazima walicheka kana kwamba nimeshushwa cheo. Haohao, nyumbani kwao Dar, kuna binti anayepika, anafua, analala wa mwisho, naye wanamwita dada. Jina lake hawalijui. Mshahara wake ukichelewa anaambiwa avumilie, si ni ndugu? Mbona mwenye nyumba wao hawamwiti kaka ili wamcheleweshee kodi?

Ya Madrid nayapitia tu: mdogo wangu aliniita "Kaka!" katikati ya duka, na mama mmoja wa Kihispania akamwonyesha, kwa huruma, mlango wa choo.