Sifa za Soga ya Saa Nne

Kati ya maadui wa maendeleo waliokwisha kushitakiwa kwenye vikao vya mameneja, hakuna aliyeonewa kama soga ya saa nne. Sura yake inajulikana. Wahandisi wametoka saiti "kupata kikombe kimoja", wamelizunguka benchi la mama lishe, na mazungumzo yaliyoanza na unene wa nondo yamekwisha mfikia refa wa mechi ya Simba na Yanga, yakapita kwa mjomba aliyejenga Kibaha bila ramani, na sasa yamekwama kwenye swali zito: pilau ya kweli hutiwa nyanya? Chai imepoa. Zege, kwa bahati mbaya, linaganda.

Mhasibu ameshapiga hesabu. Wahandisi 8, nusu saa kila siku, siku 22 za kazi: saa 88 kwa mwezi zimeliwa pamoja na maandazi. Hajakosea hata nukta. Ndiyo maana mtetezi wa soga hana budi kuzikimbia hesabu na kushika nasaba, kama wafanyavyo watu wote wenye madeni.

Na nasaba yenyewe si haba. Mwaka 1991, katika Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, birika la kahawa la watafiti lilikaa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Baadhi ya wanywaji walikuwa ghorofa nyingine. Mtu aliacha kazi, akashika ngazi, akafika, akakuta birika kavu. Manung'uniko yakawa mengi, na manung'uniko ya wanywaji kahawa ni soga iliyokomaa. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaandika programu, na kuanzia hapo kila mmoja aliweza kuona kwenye kona ya kompyuta yake picha ndogo isiyo na rangi, inayobadilika kama mara tatu kwa dakika. Kasi hiyo ilitosha, birika halikimbii. Mwaka 1993 picha ikawekwa kwenye wavuti, na watu wa mabara mengine, ambao wasingeonja hata tone, wakawa wanachungulia kama kahawa ya Cambridge imekwisha. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kamera inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya wavuti duniani: kwa sababu ya ngazi na uvivu wa wasomi. Ilipozimwa mwaka 2001, birika la mwisho, la Krups, likiwa limeshachoka, liliuzwa mnadani kwa Wajerumani wa tovuti ya Spiegel Online kwa pauni 3,350.

Mhasibu angeliandika kwenye safu gani?

Soga ina sifa nyingine ambayo kikao hakina: hustawi pale kazi inapokatazwa kutajwa. Mapema mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alikuwa New York kwenye Maabara ya Bell, akikagua mtambo wa kuficha sauti za simu. Humo humo alikuwemo mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon, naye ameinamia siri zake. Hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake anafanya nini. Serikali zao zilikuwa zimewafunga midomo kuhusu kazi, zikasahau kuwafunga kuhusu mengineyo. Wakawa wanakutana mkahawani kwa chai na kuzungumza ya pembeni: kama mashine inaweza kufikiri, na kama ubongo wa binadamu unaweza kuigwa. Meneja ambaye angepita na trei yake angeona wanaume wawili wakipoteza muda.

Heshima ya tatu iko kwenye simu ya msomaji. Mwaka 1982, pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, wataalamu wa kompyuta walikuwa wakiandikiana mafumbo ya kupitisha muda: lifti ikikatika kamba, mshumaa unaowaka na tone la zebaki vilivyomo ndani vitafanyaje? Mcheshi mmoja akatangaza kwamba lifti ya jengo imechafuka kwa zebaki. Waliodandia mazungumzo katikati wakaamini. Ndipo mmoja wao, Scott Fahlman, tarehe 19 Septemba, alipopendekeza kila utani utiwe alama ya nukta mbili, kistari na mabano: uso uliolala ubavu, unatabasamu. Nyuso za manjano zinazotumwa leo kwenye vikundi vya harusi ni wajukuu wa lifti ile.

Wapo waliopitiliza. Tarehe 1 Aprili 1990 ulichapishwa mwongozo wa kusafirisha data kwa njiwa, utani mtupu ulioandikwa kwa lugha kavu ya kihandisi. Mwaka 2001 wapenzi wa kompyuta wa Bergen, Norwe, waliona si vyema utani mzuri ukae bure, wakatafuta njiwa wakaujaribu. Maombi 9 yalirushwa, majibu 4 yalirudi, la haraka kuliko yote likichukua zaidi ya dakika 53. Mwenye kifurushi cha intaneti kilichokwisha usiku wa manane na asicheke.

Mpinzani atasema hiyo ni michezo ya wasomi. Basi na aende kwa mafundi wa mashine za fotokopi. Julian Orr, mwanaanthropolojia wa Xerox ambaye mwenyewe aliwahi kuwa fundi, aliwafuata mafundi wa kampuni hiyo hadi kwenye kifungua kinywa na chakula cha mchana, akasikiliza. Kwenye karatasi, kazi yao ilikuwa rahisi: mashine inaonyesha namba ya hitilafu, kitabu kinaeleza dawa. Ila mashine zilikuwa zikisema uongo. Zililalamikia kifaa kimoja huku ugonjwa uko kwingine, na kitabu, mtumishi mwaminifu, kiliufuata uongo hatua kwa hatua. Kilichowaokoa mafundi ni hadithi za mezani: ile ya mteja fulani iliyokuwa ikikohoa vilevile, ile iliyotengemaa baada ya kubadilishwa kipuri ambacho hakikutajwa popote. Kitabu cha Orr, cha mwaka 1996, kinaitwa Talking about Machines. Kichwa hicho kingefaa kubandikwa juu ya benchi la mama lishe.

Tusiifanye soga malaika. Inasambaza siri za mishahara. Inamfuga yule aliyesoma Ujerumani, ambaye hakuna siku ameshindwa kurudi huko kabla kikombe hakijafika nusu. Na inanuna ikitunzwa: mwajiri akinunua makochi ya rangi, akatenga saa moja ya "kubadilishana mawazo" na kumteua katibu, soga huondoka kimyakimya ikaenda kukaa nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji. Ikipewa ajenda huwa kikao, na kikao huzaa kikao.

Pale kijiweni, suala la nyanya bado halijaamuliwa. Mama lishe amefunika sufuria ya maharage, na mfuniko unagongagonga kwa mvuke. Fundi sanifu aliyekuwa kimya tangu mwanzo anainua kidole. "Ile pampu yetu ya chini," anasema, "tangu Jumanne inalia hivyohivyo." Mzee mmoja anakumbuka pampu ya Morogoro iliyolia hivyo kwa sababu ilikuwa inavuta hewa. Mwingine ameshachora bomba kwenye karatasi ya chapati, mafuta yakionyesha vizuri mahali pa kiungio kilicholegea. Sauti zinapanda, vijiko vinageuka mabomba, kila mtu anazungumza.

Halafu mama lishe anauliza leo analipa nani, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne, pote kimya.