Furu Mdomoni

Mpwa wangu alipopata mchumba Butiama, ukoo ulinichagua niwe mshenga kwa sababu moja tu: eti nasoma sana. Kusoma kwenyewe ni kwenye simu.

Asubuhi ile nilipanda gari Bunda, bando la siku limejaa, nikafungua simu nitafute maneno matamu ya kuombea binti wa watu. Sijui niligusa wapi. Nikajikuta kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu tunaowala bila hata kuwauliza habari. Kumbe furu jike hulea mayai mdomoni, na watoto wakishatoka hukaa humohumo, mama kashinda njaa! Kumbe tena aina zao ni mamia, na wataalamu wanasema nyingi zilitokea baada ya Ziwa Victoria kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya.

Nikashindwa kuvumilia, nikamsomea mama niliyebanana naye, ndoo tupu ya dagaa mapajani.

"Ziwa likauke? Na sangara walikwenda wapi?"

"Hawakuwepo, mama. Waliletwa miaka ya 1950."

"Basi hapakuharibika kitu."

Gari zima likaingia kwenye ubishi. Tulikuwa bado hatujaelewana kondakta alipopiga bati: "Bweri, mwisho wa gari!" Bweri ni stendi ya Musoma. Mimi nilitakiwa kushuka Makutano.

Nikalipa nauli ya kurudi, kisha bodaboda, kisha mvua ikaja. Mwaka 1922 mvua kubwa ya Butiama ilimpa mtoto wa Chifu Burito jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Mimi ilinipa mafua. Nilifika saa nane, viatu mkononi, wazee wameshakula.

"Haya mshenga, lete lililokuleta."

Nikafumbua mdomo. Maneno yote ya ukoo yalikuwa yameshuka Makutano bila mimi.

"Wazee wangu," nikaanza, "furu jike hulea watoto mdomoni..."

Kimya. Huko jikoni mtu akaangusha mwiko kwa kicheko. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Huyo furu anajua kufunga mdomo. Wewe, baba, kilikushinda nini?"

Binti walitupa. Ila kwa kuchelewa tulipigwa faini ya mbuzi, nikamlipa mwenyewe kimyakimya. Bando lilikuwa la shilingi elfu moja. Bei ya mbuzi siitaji hapa, maana mke wangu naye ana simu.