Jinsi ya Kuendesha Mradi wa Takwimu za Umeme Mombo Bila Kumfaa Mtu

Kila Mtanzania anayefuatilia habari anajua kwamba Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Muulize huyohuyo umeme ulikatika kwa saa ngapi nyumbani kwake mwezi uliopita, ataanza kuangalia dari. Wewe uliyeko Mombo, mwenye kompyuta mpakato, bando la usiku na ujuzi kidogo wa programu, unaweza kuziba pengo hilo kwa kazi ya jioni tu. Au unaweza kufuata mwongozo huu, ukabaki na mradi wa kupendeza usiomsumbua mtu kwa manufaa.

Hatua ya 1: Anza na jina. Kabla ya kuandika tarakimu hata moja, tafuta jina lisilopungua maneno sita. Lazima liwe na "jumuishi", "kidijitali" na "Usambara". Chora nembo yenye mlima, jua na nguzo. Fungua kundi la WhatsApp, teua kamati, kisha mbishane wiki tatu kuhusu rangi ya jua.

Hatua ya 2: Nunua kifaa, usinunue betri. Agiza Kariakoo kifaa kidogo cha kupima umeme chenye Wi-Fi. Kichomeke ukutani, kitume taarifa kila dakika kupitia ruta ya sebuleni. Umeme ukikatika, kifaa kitazimika, ruta itazimika, na taarifa ya kukatika haitatumwa kamwe. Mwisho wa mwezi grafu yako itaonyesha volti safi tupu, nawe utakuwa wa kwanza Wilaya ya Korogwe kuthibitisha kisayansi kwamba umeme haukatiki. Akitokea mjuaji akasema pengo kwenye kumbukumbu nalo ni taarifa, mwambie umeshalijaza kwa wastani.

Hatua ya 3: Idharau LUKU. Mita hii ya ukutani ya umeme wa kulipia kabla ni ya kila mtu, kwa hiyo haina hadhi ya utafiti. Usishughulike kujua kwamba ndani ya zile tarakimu 20 za tokeni kumefichwa muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa inabeba dakika 16,777,216 tu, na hesabu hiyo ilifika ukomo Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mwaka huo wateja walitakiwa kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kundi la tatu lenye yuniti zenyewe. Bibi aliyesimama chini ya mita akibonyeza, mjukuu akimsomea tarakimu 60 kwa tochi ya simu, alikuwa anahuisha miundombinu ya takwimu ya nchi. Hakulipwa posho.

Vilevile, usitengeneze kikokotoo cha kujibu swali linalogombanisha wapangaji kila siku: kwa nini jirani kanunua umeme wa shilingi 5,000 akapata yuniti karibu 41, mimi nikapata 14? Jibu ni la bei tu. Mteja wa matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka afikishe yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, T1, hulipa 292. Juu ya bei hizo kuna VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo. Kikokotoo hicho ni kazi ya jioni moja. Kiache. Watu wakielewa, kundi la mtaa litakosa mada.

Hatua ya 4: Chora ramani, ifiche. Nguzo zinazopanda kutoka njia panda ya Mombo kwenda Soni zinaonekana na kila abiria wa Lushoto. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004, ina alama za nguzo, nyaya na transfoma, na yeyote anaweza kuziweka. Mradi wa Ramani Huria ulionyesha jijini Dar es Salaam kwamba wanafunzi na wakazi wanaweza kuchora mitaa yao wenyewe, hasa ile inayofurika. Wewe usifanye hivyo. Hifadhi nguzo zako kwenye faili liitwalo "mwisho_mwisho_KWELI2", ndani ya flashi isiyo na nakala.

Hatua ya 5: Penda PDF na wastani. EWURA hutoa taarifa ya sekta ndogo ya umeme kila mwaka, na ndani yake kuna vipimo vya ukatikaji: kwa wastani mteja alikatiwa mara ngapi, kwa saa ngapi. Vipimo hivyo huchanganya aliye tambarare kwenye joto na mkonge na aliye mlimani ambako mti ukianguka wakati wa masika huondoka na waya. Wewe ongeza ukungu: chapisha jedwali lako, lipige picha likiwa limepinda, liweke kwenye PDF, halafu andika juu yake "takwimu huria".

Hatua ya 6: Tunza visingizio. Tanzania ilijiunga na Ubia wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa 2017. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilikazwa 2018, ikalegezwa 2019. Usisome kipengele chochote. Sema tu "mazingira si rafiki", hata pale ulichotakiwa kufanya ni kuandika saa taa ya jikoni kwako ilipozimika.

Hatua ya 7: Anika majirani. Kwa upande mwingine, majina, namba za mita na matumizi ya kila saa ya kila nyumba yamwage hadharani. Mwizi atashukuru kujua nyumba ipi haijawasha hata feni tangu Ijumaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 waachie wanasheria.

Hatua ya 8: Usimwulize anayeumia. Epuka kabisa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huyo ana daftari la mistari, limeshika pumba, lenye safu tatu: tarehe, "umekata saa 8 na dakika 10", "umerudi saa 11 kasoro". Analiandika kwa sababu wateja wanadai mchele wao na yeye lazima ajue siku aliyopoteza. Mpite pia fundi wa kuchomelea na muuza juisi anayewangoja abiria wa mabasi ya Arusha akiwa na friji moja. Ukikaa nao saa moja, mradi wako utapata maana, na nembo itabaki bila kazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali. Ukishindwa kufuata mwongozo huu, basi fanya hivi: tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, jina la mtaa, bila jina la mtu. Weka kwenye jedwali linalofunguka kwa simu ya kawaida, ruhusu yeyote kulitumia, na kifaa chako kitie betri. Kisha mpelekee mwenye mashine wa kwanza. Asipoona cha kumsaidia, rudi ukarekebishe jedwali.