Wahubiri wa Linux Mtaani Buruburu

Eastlands, mashariki mwa Nairobi, haijawahi kukosa chama. Kuna cha kuzikana, kuna cha kununuliana sufuria, kuna cha kununua ploti Joska ambayo mwenyekiti peke yake ndiye aliyewahi kuiona. Kuna hata watu waliounda chama cha kujadili namna ya kutoka katika chama kingine. Chetu hakizikani, hakikopeshani, wala hakina ploti popote. Hukutana Jumamosi alasiri kuzungumzia mifumo endeshi ya kompyuta, na watu wa nyumbani walishaacha kutuuliza kwa nini.

Maradhi haya ya mikutano tumeyarithi. Ukumbi wa Kaloleni, ambao si mbali na kwetu, ndimo wanasiasa wa miaka ya 1950 walimokuwa wakikusanyika kudai uhuru. Buruburu nayo ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, korti baada ya korti, nyumba zikitazamana mlango kwa mlango, ili pasiwe na jambo la jirani litakalokupita. Aliyekulia huku hawezi kuona watu watatu wamesimama pamoja bila kuuliza ajenda ni nini.

Ajenda yetu ni Linux. Kwa asiyeijua, mfumo endeshi ndio unaoamka kwanza ukiwasha kompyuta, ukaiambia skrini, kibodi na diski nani afanye nini. Watu wengi wanaujua mmoja tu, Windows, na hata huo hawakuuchagua. Waliukuta ndani wakaishi nao. Linux ilianza Agosti 1991 kule Helsinki, Ufini, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alipowatangazia wenzake kwamba anaunda kamfumo ka kujifurahisha, ambako hakatakuwa kakubwa. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu zaidi duniani zinaendeshwa nayo. Simu ya Android aliyo nayo kondakta wa matatu ya 58 ina kiini cha Linux. Miujiza, basi, tunayo ya kutosha. Taabu iko kwa wahubiri.

Taabu ya kwanza ni kwamba Linux si moja. Kila mwenye wazo alichukua kile kiini akakivisha nguo zake, tukapata Debian, Ubuntu, Mint, Fedora, Arch na ukoo mzima ambao sina nafasi ya kuusalimia. Kila moja huitwa distro, na kila distro ina wafuasi chamani. Wa Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, huwatazama wengine wote kama watoto waliozaliwa majuzi. Wa Ubuntu hujibu kwamba wao ndio walioifikisha Linux kwa raia. Kijana mmoja wa Kayole hutumia Arch, na hawezi kukuomba chumvi bila kukujulisha hivyo. Mashabiki wa timu za Gor na AFC angalau hupigiwa kipenga dakika ya tisini wakaenda nyumbani. Hawa hawana refa.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu kutoka Jericho, na swali lake lilikuwa fupi: aanze na ipi? Mwenyekiti aliwapa wanachama dakika mbili kila mmoja. Mada ikahama kutoka distro hadi namna bora ya kuwasha huduma za mfumo, jambo ambalo mwalimu hakuwa ameliuliza wala hatawahi kuliuliza. Chai ilipokwisha, bado walikuwa kwenye utangulizi. Mwalimu alikunja koti lake, akashukuru kwa adabu ya mtu aliyesimamia vikao vingi vya walimu, akaondoka na Windows ileile aliyokuja nayo.

Wafuasi wa Ubuntu wana haki ya kujigamba, lazima niseme. Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyejilipia nauli ya roketi mwaka 2002 akaenda angani. Aliporudi duniani alianzisha Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004, na kampuni yake ikawa inatuma CD bila malipo kwa yeyote mwenye anwani. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kuleta intaneti ya baharini mwaka 2009, kupakua MB 700 za CD kama hiyo saibani kulikuwa sawa na kumlipia mwenye saiba kodi ya nyumba. Kwa hiyo tuliagiza CD, nazo zikafika kwenye sanduku la posta.

Chache zilitumika kusimika mfumo. Nyingi zilianza maisha mengine. Zilining'inia kwenye vioo vya matatu za 58 zikimeremeta, na madereva walizipenda kuliko sisi. Nyingine zilifungwa kwa kamba juu ya sukuma wiki nyuma ya korti kufukuza ndege. Mpango wa CD za bure ulifungwa mwaka 2011, na sina shaka kwamba ndege wa Buruburu walisherehekea.

Kilichotuletea wageni wengi kuliko mahubiri yetu yote ni tarehe moja: Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 nayo huchagua mashine za kuingia. Hutaka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa jumla, hazikuundwa kabla ya mwaka 2017. Sasa laptopu nyingi za mtaani kwetu ni ex-UK, zilizofanya kazi ofisini ng'ambo hadi zikastaafishwa, kisha zikaja Moi Avenue na Luthuli kuanza ajira mpya. Zina afya, lakini vyeti hazina. Tukabandika tangazo kwenye kiosk cha maziwa: lete laptopu iliyokataliwa, uondoke na mfumo mpya.

Watu walikuja. Bahati mbaya ni kwamba mtunza ukumbi tunaokutania alikuwa amewapa ukumbi huohuo watu wa kamati ya mazishi. Tukagawana, wao upande wa jukwaa, sisi upande wa mlango. Mwanachama wetu mmoja wa Donholm alichelewa, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaona meza, daftari na watu wenye nyuso nzito. Akadhani tumeanza kutoza ada. Akaketi, akatoa mia tano, akaandika jina. Mama aliyeshika daftari akamuuliza kwa upole, "Pole sana, ndugu yangu. Na wewe umepoteza nani?"

"Windows Ten," akajibu.

Mama alimtazama, akatazama noti, akaandika kama alivyoambiwa. Ile mia tano haikurudi. Mchango wa mazishi haurudishwi, hata marehemu akiwa programu.

Upande wetu, kijana wa Umoja alisimama kutoa mada kuhusu uthabiti wa Linux. Laptopu yake ilikuwa na tundu la HDMI, na projekta tuliyoazima kanisani ilikuwa na la VGA. Alihutubia ukuta mweupe kwa muda, akionyesha kwa mkono mahali ambapo michoro ingekuwa. Kisha akapitisha simu yake mkono kwa mkono ili kila mtu aone slaidi. Ilipofika safu ya nyuma, mama yake alipiga, na mzee aliyekuwa ameishika akapokea. Waliongea vizuri.

Mada ikaisha, tukaanza kusimika. Laptopu saba zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, nazo zimefika katikati, tokeni ya umeme ya ukumbi ikaisha. Giza. Betri nyingi za ex-UK ni za mapambo, kwa hiyo mashine zilizimika papo hapo, moja baada ya nyingine. Na laptopu iliyozimika katikati ya kusimikwa haina Windows tena, na Linux bado haina. Wenyewe walizitazama kwa macho ya watu waliokuja kupimwa presha wakajikuta kwenye meza ya upasuaji.

Moja tu ilibaki inawaka, ya mzee wa Phase Three ya Buruburu, ambaye betri yake ilikuwa nzima. Tukachanga kwa M-Pesa, dada mmoja akanunua tokeni, na mtunza ukumbi akasimama kwenye mita kungoja tarakimu 20 za tokeni. Wakati huohuo, mfumo ukamfikisha mzee mahali pa neno la siri. Kijana aliyekuwa akimsaidia akamwambia, "Mzee, sasa andika neno la siri, halafu ulirudie mara ya pili," akakimbia kushika tochi.

Dada akaanza kusoma tarakimu kwa sauti, nne nne, akipumzika katikati. Mzee, mtu mtiifu, akaziandika zote. Mtunza ukumbi alikosea moja, mita ikakataa, ikabidi dada asome upya kutoka mwanzo. Mzee akazirudia zote, kama alivyoagizwa. Mfumo ukalinganisha, ukaona zimelingana, ukakubali. Taa zikawaka, watu wakapiga makofi, mpaka wa upande wa mazishi.

Jioni mzee akapiga simu. Laptopu inataka neno la siri, na yeye hana. "Neno gani uliloweka, mzee?" tukamuuliza. "Si mlinisomea nyinyi?" akajibu. Kikao cha dharura kiliitwa, nadharia zikatolewa, kijana wa Kayole akasema hayo yasingetokea kwenye Arch. Dada ndiye aliyekumbuka, akatafuta ujumbe wa tokeni kwenye simu yake. Mpaka leo mzee hufungua laptopu yake kwa tarakimu 20. Hakuna benki yenye neno la siri refu hivyo, na lake limebandikwa kwenye skrini kwa selotepu. Tumejitolea kumbadilishia. Hataki. Anasema ameshazoea.

Zile nyingine zilisimikwa upya na zikakubali, isipokuwa moja ambayo haikuona waifai. Ilihitaji programu ndogo ya kuendesha kadi yake ya waifai, na programu hiyo ilipatikana kwenye intaneti, na intaneti ilihitaji waifai. Wanachama wawili walianza kujadili asili ya tatizo hilo na kama wenye viwanda wana dhambi. Dada wa tokeni aliunganisha simu yake kwa waya wa USB, akaipa laptopu bando lake, programu ikapakuliwa, waifai ikaonekana. Alipogeuka, wale wawili walikuwa bado wako kwa wenye viwanda.

Huyo dada ndiye ninayetaka umtazame, kwa sababu hayumo kwenye uongozi wa chama na hajawahi kuchangia mjadala wa distro. Zamani kidogo alikuja kwetu mama mwenye saiba karibu na soko la Mutindwa. Wateja humletea flashi zilizojaa virusi, vile vinavyoficha kazi ya mtu na kumwachia vijia vya mkato, na kila wiki alikuwa akimlipa fundi kusafisha mashine zilezile. Aliuliza swali moja tu: printa yake itafanya kazi?

Mwenyekiti alikohoa. "Mathe," akaanza, "kwanza lazima uelewe kwamba Linux ni uhuru."

"Uhuru tulipata 1963," mama akamwambia. "Nimeuliza printa."

Ukumbi ulitulia. Dada alimfuata mlangoni, na Jumapili baada ya kanisa akaenda saibani. Alichomeka printa, ikatambulika, ukurasa wa majaribio ukatoka. Akamwekea Mint, kwa kuwa kitufe cha menyu kiko chini kushoto, pale ambapo vidole vya wateja vimezoea kwenda. Virusi vile, vilivyoandikiwa Windows, bado huja na flashi, lakini vikifika hukaa tu bila kazi. Wakati wa kuwasilisha ritani za kodi za KRA, watu wakikimbizana na tarehe 30 Juni na foleni ikifika barabarani, mashine zake huwa zimesimama wima. Wateja wakauliza ni Windows gani hiyo isiyougua. Wengine wakaomba wawekewe. Sasa mama ana shughuli ya pembeni, na amewahamisha watu wengi kuliko chama kizima na katiba yake. Mikutano yetu hana nafasi nayo.

Ndipo ninapodai kwamba Linux huku kwetu haienezwi na hoja. Huenezwa na mtu anayekubali kuja nyumbani kwako Jumapili akiwa na waya wa USB. Mfumo mzuri bila mtu kama huyo ni CD juu ya sukuma wiki. Nimelipeleka wazo hili chamani kwa maandishi. Limewekwa kwenye ajenda, chini ya mjadala wa distro, kwa hiyo halitafikiwa.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa laptopu yako imekataliwa na Windows 11, usimpe mtu wa vyuma vikuukuu anayepita na mkokoteni. Hifadhi kwanza picha na kazi zako kwenye flashi. Kisha watafute watu wa Linux walio karibu nawe, uende na chaja yako na ekstensheni. Watakuuliza unataka distro gani. Usibishane nao. Mwambie kila mmoja kwamba unataka ile ambayo yeye atakuja kuitengeneza ikiharibika, halafu uchukue ya yule wa kwanza atakayeuliza unaishi wapi.