Namna ya Kuwatoa Watoto Dar Bila Kukopa

Kwanza, usitangaze. Mzazi anayetamka Alhamisi kwamba Jumapili "tunatoka" ataamka Jumapili ana watoto wake watatu, wawili wa jirani, na mpwa aliyeletwa kutoka Gongo la Mboto na begi la nguo. Tunza siri mpaka watu wamerudi kanisani, wamekula, wameshiba. Na hapo kwenye kushiba usifanye mzaha. Ubwabwa na maharage viliwe mpaka mtoto mwenyewe asukume sahani. Anayeondoka nyumbani na njaa, mjini huona chipsi hata pasipo na chipsi. Chapati zilizobaki zitie kwenye hotipoti, maji kwenye chupa, na hotipoti abebe baba, maana mama ameshika mikono ya watu wawili.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Wazazi wengi hudhani watoto wanataka kufika. Hawataki. Wanataka kupanda kitu kinachotembea. Kufika ndiko kunakotuua: ukifika kuna kiti cha kukodi, mwavuli wa kukodi, na soda iliyopandishwa bei kwa sababu inaiona bahari. Safari yenyewe ina nauli inayojulikana.

Kwa hiyo pandeni mwendokasi pale Kimara. Mabasi haya yalianza 2016 kwa ajili ya foleni za Barabara ya Morogoro, lakini wewe uyachukulie kama bembea. Pambana upate nafasi katikati, kwenye kile kiungio chenye mpira, penye sakafu ya duara. Dada mtu asimame mbele ya kiungio, mdogo wake nyuma. Basi likikata kona ya kuelekea Posta ya Zamani, mmoja anaondoka na mwenzake anabaki, na vicheko vinasikika mpaka kwa dereva. Abiria waliovaa suti watakukodolea macho. Wape shikamoo, mambo yaishe.

Mkishuka Kivukoni, pitieni soko la samaki la Feri. Onyesho ni la bure. Pweza anamwagwa mezani kwa mkupuo, dalali anapandisha bei kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, na mtoto aliyeziba pua kwa kanga ya mama yake anasogea mbele hivyo hivyo. Waonye tu wasinyooshe kidole. Mnadani kidole ni ahadi, nawe hukuja na hela ya papa mzima.

Kisha pantoni ya Kigamboni. Hii ndiyo meli ya kitalii ya mwenye mshahara wa kawaida. Mwaka 2012 nauli ya mtu mzima ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, watu walilalamika, na hayati John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasioweza kulipa wapige mbizi. Watoto wasijue kwamba njia hiyo ipo. Foleni ikiwa ndefu, ipokee kama sehemu ya matembezi, kwani kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Lile lango la chuma likishuka, bodaboda, mikokoteni, magari na akina mama wenye ndoo wanaingia kwa pamoja, kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Wewe kaa pembeni, penye kuonekana lango la bandari. Meli kubwa ya makontena ikipita, punga mkono. Mabaharia wengine hupunga pia, na hapo umeokoa pesa ya zawadi. Ng'ambo ya Kigamboni kanyageni ardhi, nunueni karanga, geukeni. Mkiendelea mbele kuna fukwe za viingilio.

Wapo watakaong'ang'ania Coco Beach kwa sababu ni bure. Hapo ndipo penye mtego. Mchanga ni bure. Vilivyo juu ya mchanga vyote vina mwenyewe. Kuna majumba ya hewa ya kurukia, kuna mpiga picha ambaye ameshampiga mwanao kabla hujakataa, kuna mishikaki inayopepewa makusudi upande wenu. Ukilazimika, nunua muhogo wa kukaanga, na uulize bei kabla mtoto hajaushika. Kachumbari na pilipili vikitiwa kwa wingi, sahani moja inatosha familia, kwa kuwa wadogo watakimbilia maji ya nyumbani. Dafu nalo liwe moja. Likishanywewa mwambie muuzaji alipasue, achonge kijiko kutoka kwenye ganda lake, wagombanie nyama.

Makumbusho ya Taifa nayapenda, na fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, lina miaka takriban milioni 1.75. Lakini jiandae: watoto watalitazama kidogo, kisha watahamia kwenye magari ya zamani ya viongozi na kukataa kuondoka. Nimeshakwambia wanachotaka.

Penye maduka makubwa yenye ngazi za umeme pia panafaa. Pandeni, shukeni, pandeni tena, mpaka mlinzi aanze kuwasogelea.

Wakiulizia kisiwa cha Mbudya, kwenye boti ya kulipia na ada ya hifadhi, jibu ni "mwisho wa mwezi". Usitaje mwezi gani.