Unalipia Mashimo

Ufaransa mkate una sheria, na si ile ya bibi kumkaripia mjukuu asichezee chakula. Ni amri ya serikali ya tarehe 13 Septemba 1993. Bageti ikiuzwa kwa jina la mkate wa jadi wa Kifaransa, ndani yake pawe na unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu. Isiwe imepitia friza hata mara moja. Hata vile vitu vichache vya kuusaidia unga vimewekewa kipimo. Unga wa maharage, kwa mfano, mwisho asilimia 2. Mwaka 1998 ikaja sheria nyingine: duka lisilokanda, kuumba na kuoka mkate pale pale haliruhusiwi kutundika kibao cha boulangerie, yaani duka la mikate. Tulipofundishwa haya nilimkumbuka shangazi yangu wa Mombasa, ambaye hutia kwenye unga wake iliki, tui la nazi na chochote kilichoamka naye asubuhi hiyo, nikamshukuru Mungu kwamba hana viza.

Mimi viza niliipata. Nilikwenda Paris kusomea mikate na keki katika chuo ambacho sitakitaja, kwa sababu cheti changu bado wanacho wao.

Watu wengi kwetu huamini kwamba Wafaransa ni watu wa mapenzi na mashairi. Hawajawaona jikoni. Jikoni Mfaransa ni karani wa benki. Maji hayapimwi kwa kikombe, yanapimwa kwa gramu. Mayai nayo huvunjwa, hupigwa na kuwekwa kwenye mizani, na karatasi ikisema gramu 140, yai la tatu unalitumia kipande, kinachobaki unakifunika na kukibandika tarehe. Chumvi ni gramu 18 kwa kilo ya unga. Na unga wenyewe una namba, kuanzia 45 wa keki na mikate laini hadi 150 wa ngano nzima, na namba hiyo hutokana na majivu: maabara huchoma unga kidogo, ikapima majivu yaliyobaki, maana unga wenye pumba nyingi huacha majivu mengi.

"Wanauchoma kabla ya kuuoka?" shangazi aliniuliza kwenye simu.

"Kidogo tu, shangazi. Wa kupimia."

"Haya. Endelea kusoma, mwanangu."

Lililomshinda kabisa ni hesabu ya joto. Kila asubuhi mwalimu hutupa namba, tuseme 56. Unapima joto la chumba, nyuzi 22. Unapima joto la unga, nyuzi 21. Unajumlisha, unatoa kwenye 56, na 13 zinazobaki ndizo nyuzi za maji utakayokandia. Shangazi hupima maji kwa kidole, na kidole hicho kimewalisha watu wa Kibokoni mahamri tangu sijazaliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huo mkate unajua kama umehesabiwa?"

Mwalimu wetu alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa maneno. Sisi wanafunzi kila akifungua kinywa tulijibu "oui, chef" kwa pamoja, hata aliposema nje kunanyesha. Yeye alikuwa akiumba bageti bila kutazama, huku akizungumza habari za mpira, na zote zikalala mezani urefu mmoja, unene mmoja, ncha zimechongoka. Zangu zilikuwa mihogo. Kulikuwa na yenye kigimbi na yenye nundu, na moja ilijigawa njia panda ndani ya tanuri. Mwalimu aliziangalia kwa muda, akachukua wembe, akanionyesha tena jinsi ya kuuchana unga kwa mshazari kabla ya kuuingiza motoni ili upasuke pale unapotaka wewe. Wangu ulipasuka ulipotaka wenyewe.

Hatimaye ikatoka bageti ya kuonyeshwa watu. Nikampigia shangazi simu ya video nikiwa nimeikata katikati, mashimo makubwa kwa madogo yamejaa ndani, ganda limekolea kahawia hadi linakaribia weusi. Wenye kujua hayo ndiyo wanayoyatafuta. Mashimo namna hiyo huyapati bila unga wenye maji mengi, uliolazwa ubaridini usiku kucha na kushikwa kwa heshima asubuhi. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ujuzi na utamaduni wa bageti kwenye orodha ya urithi wa binadamu, pamoja na mashimo yake.

"Mbona umeliwa na panya?" akauliza shangazi.

"Hiyo ni hewa, shangazi. Ndiyo ubora wenyewe."

"Mmoja una uzito gani?"

"Kama gramu 250."

"Bei?"

Nikamwambia: euro moja na ushei, karibu shilingi 200 za Kenya. Akanyamaza, na ninavyomjua alikuwa anapiga hesabu ya boflo ngapi zingenunuliwa kwa pesa hizo. Kisha akasema, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, "Basi mwanangu, unalipia mashimo."

Kuhusu ule weusi nilijitetea kisayansi. Nilimweleza habari za Maillard, daktari Mfaransa ambaye mwaka 1912 alieleza jinsi sukari na asidi za amino zinavyogeuka kahawia na kutoa harufu zikipatwa na joto. Shangazi akasema wake ukiungua huukwangua kwa kisu, hamsingizii daktari.

Nikajaribu kumtia moyo kwa habari za mashindano ya bageti bora ya Paris, yaliyoanza mwaka 1994. Mshindi hupata euro 4,000 na kuipelekea mikate Ikulu ya Élysée kwa mwaka mzima. Djibril Bodian, mwenye asili ya Senegal, ameshinda mara mbili, mwaka 2010 na 2015. Mwaka 2023 alishinda Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka.

"Na Wafaransa wenyewe wanafanya nini?"

"Wanakula, shangazi."

Jibu hilo ndilo pekee katika masomo yangu yote lililompendeza.

Kroasanti ilituletea ugomvi wa aina nyingine. Unga hufungwa siagi ndani, ukasukumwa, ukakunjwa pande tatu, ukapumzishwa ubaridini, ukarudiwa tena na tena hadi mikunjo mitatu itimie, na hapo siagi inakuwa imekaa tabaka 27. Unga wa mil-fei hukunjwa mara sita, na ukifanya hesabu unapata 729. Shangazi, ambaye hupaka samli, akaviringa na kusukuma chapati zikachambuka zenyewe sahanini, aliudhika waziwazi. Zake nani aliwahi kuzihesabu?

Tatizo la siagi ni joto. Chumba cha kazi kinatakiwa kikae karibu nyuzi 18, na kroasanti zikiumuka hazitakiwi kupita nyuzi 27 au 28, la sivyo siagi inaanza kuyeyuka na kuhama tabaka zake. Sasa siku moja ya Juni, Paris ikiwa inachemka, mashine ya ubaridi ya chuo ilikata roho tukiwa kwenye mkunjo wa pili. Tuliendelea kwa sala. Siagi ilitoka pembeni, ikatoka juu, ikanata kwenye kifimbo, mezani na kwenye miwani ya Mbrazili aliyekuwa jirani yangu. Zilipoingia tanurini hazikuokwa. Zilijikaanga zenyewe ndani ya sinia kwa mafuta yaliyozikimbia. Mwalimu alizitazama akiwa amevua kofia. Mimi nilionja moja: nje imekauka kidogo, ndani laini, imeshiba mafuta. Kama ingekuwa na iliki ningeagiza mbaazi.

Kulikuwa pia na mfungo.

Sijui ni nani aliyepanga ratiba ya chuo, lakini Ramadhani ilituangukia mwezi Machi, wiki ile ile ya krimu. Krimu ya keki ni maziwa, viini vya mayai, sukari, wanga na vanila, na kanuni ya kwanza ya jikoni ni kwamba hakuna kinachotoka bila kuonjwa. Nikampigia shangazi, mufti wangu wa dharura. Akatoa hukumu inayojulikana na kila mwanamke wa Pwani aliyewahi kupika futari: onja kwa ncha ya ulimi, uteme, usukutue. Ikawa hivyo. Nilichota kijiko, nikagusa kwa ulimi, nikakimbilia karo na kutema kwa nguvu zote za mtu anayeogopa kulipa siku.

Nilipogeuka, mwalimu alikuwa nyuma yangu.

Hakusema kitu. Alichukua kijiko safi akaonja krimu yangu. Akakunja uso, akaonja tena. Akamwita mwalimu wa darasa la pili, naye akaonja. Wakafungua katoni nyingine ya maziwa wakanusa. Likaletwa daftari la kufuatilia bidhaa, zikasomwa namba za mayai na tarehe za maziwa, na darasa zima likaambiwa lisimamishe kazi. Mimi nilisimama pale na vanila yote ya Madagaska puani, Kifaransa changu chote kimenikimbia. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Morocco, aliyesema kutoka upande wa pili bila kuacha kukoroga, "Chef, amefunga."

"Mbona hukusema?" mwalimu akaniuliza.

"Uliuliza maziwa, chef."

Tangu siku hiyo alinionjea yeye mwenyewe, vijiko viwili viwili, na mwisho wa mwezi aliniambia amenenepa kwa ajili ya dini yangu.

Hata nje ya Ramadhani mitego ilikuwa imejaa. Rumu wanaitia hata pale ambapo hakuna aliyeiomba. Jelatini nyingi hutokana na nguruwe, nayo ndiyo inayosimamisha vitamutamu vyao vingi vya baridi. Nilijinunulia aga, unga utokanao na mwani, nikautia kwa kipimo kile kile cha jelatini bila kujua kwamba aga ina nguvu zaidi mara kadhaa. Kitamutamu kilisimama. Mwalimu alipokigusa kwa kijiko, kijiko ndicho kilichorudi nyuma. Akaandika kwenye daftari lake neno moja ambalo hakunionyesha.

Mafunzo ya kazini nayapita upesi, maana hata kuyakumbuka kunanipa usingizi. Mwoka mikate huanza usiku, na metro ya Paris huanza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo nilipanda basi la usiku, mimi na sare yangu nyeupe katikati ya vijana wanaotoka kucheza dansi. Mara mbili niliombwa niwaangalie wagonjwa.

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa nyumbani, nao ni kwamba mwanafunzi wa mikate huoka kila siku na mikate hiyo hupewa aende nayo. Mwanzoni ni neema. Baada ya wiki chache chumba changu cha kupanga kilikuwa na bageti kabatini, brioshi kitandani na ekleri dirishani kwenye baridi. Kutupa siwezi. Nimelelewa kwamba mkate ukianguka huokotwa, hubusiwa na kuwekwa mahali pa juu. Ramadhani nilikuwa na msikiti. Nilikuwa nafika magharibi na mifuko miwili na napokewa kwa heshima ambayo sikuipata tena. Ramadhani ilipokwisha nikabaki na majirani.

Jirani wa kwanza alikuwa bibi wa ghorofa ya chini yangu, mjane nadhifu mwenye paka. Siku ya kwanza nilipompelekea bageti niliiweka mezani kwake imelala kifudifudi, naye akaruka kuigeuza kabla hata ya kusema asante. Zamani, alinieleza, mwoka mikate alikuwa akimwekea mnyongaji mkate wake kwa kuupindua, ili mwingine asiuguse, na hadi leo mkate uliopinduliwa huleta nuksi. Nikamwambia kwetu pia mkate una adabu zake. Tukawa marafiki.

Urafiki ulidumu hadi mfuko wa kumi au zaidi. Kisha nikaanza kuona mlango wa lifti ukifungwa haraka kila nikikaribia. Nikigonga, redio ilizimwa ndani. Siku moja nilimwona kwa macho yangu anajificha nyuma ya masanduku ya barua, na paka wake mkononi. Nikaelewa. Nikawa nauning'iniza mfuko kwenye kitasa chake usiku na kukimbia, kama mtu anayetupa taka kwa siri. Asubuhi mfuko haukuwapo, na nilidhani anawapa njiwa.

Ndipo tukaingia wiki ya masomo ya usafi na sheria za afya: bakteria, joto la friji, jinsi ya kunawa mikono. Unga haukuguswa. Siku ya nne bibi alipanda ngazi hadi mlangoni kwangu, akihema, na akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia niko salama, ni chuo tu. Hakuondoka. Akashika kitasa, akashusha sauti, akasema Jumapili dada zake wanakuja kutoka Bretagne na wanatarajia ekleri, kwa sababu siku zote hizo amekuwa akiwaambia anazitengeneza mwenyewe. Alitaka kumi na mbili, za kahawa, si za chokoleti. Na kama inawezekana, zisiwe nzuri sana. Zile za mwanzo mwanzo, zilizopinda, ndizo walizoziamini.