Ng'ombe Aliyejificha kwenye Pakiti

Ng'ombe wa kwetu Kimulot hupigwa dawa ya kupe kila mara, maana ndigana haina huruma. Ndugu yangu alipokwenda Arkansas kusoma, hakuna aliyemkumbuka kwa dawa. Kupe wa huko, ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni, alimuuma, na tangu hapo mwili wake umegombana na nyama ya karibu kila mnyama anayenyonyesha. Ugonjwa huo huitwa alfa-gali, kwa jina la sukari iliyomo kwenye ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kuku na samaki hawana.

Sasa mweleze Mama hayo. Desemba ndugu yangu alipofika, mbuzi alikuwa keshafungwa mtini.

"Basi kunywa supu tu."

"Supu ya nini, Mama?"

"Ya mbuzi."

Akachinjiwa kuku, na huku kwetu kuku hahesabiwi nyama. Majirani walimtazama kwa huruma, wakidhani Marekani imemfilisi. Bahati yake, maziwa hayamdhuru kama yanavyowadhuru baadhi ya wenzake, kwa hiyo mursik, maziwa yetu ya mgando, ilimwokolea heshima.

Tukaenda dukani mjini Litein kununua chakula cha pakiti, nikiwa na miwani ya Mama, kwa kuwa viungo huandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Maziwa, ngano, soya na karanga hutangazwa wazi kwa wenye mzio. Ng'ombe hayumo kwenye orodha hiyo, anapita kimya kimya. Yogati: jelatini. Peremende laini: jelatini tena, yaani ngozi na mifupa iliyochemshwa. Biskuti zilikuwa na E471, ambayo hutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na pakiti haikusema ni yapi. Supu ya unga yenye jogoo aliyesimama kifua mbele ilikuwa na mafuta ya ng'ombe. Jogoo yule aone haya! Kitu pekee kilichopita bila maswali ni E120, rangi nyekundu ya wadudu. Mdudu hanyonyeshi.

"Mkubwa," mlinzi akauliza, "hii ni duka ama maktaba?"

Jioni tukaalikwa kwa shangazi. Kuku tena, mtamu ajabu, maana alikaangwa kwa mafuta yaliyobaki kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe. Tulikula saa mbili. Saa saba usiku ndugu yangu alikuwa anajikuna, midomo imevimba, tunatafuta gari la kumpeleka hospitali. Mzio huu hukawia saa mbili hadi sita baada ya kula, ndiyo maana hakuna aliyemshuku kuku. Shangazi alishuku blanketi. Asubuhi alilianika juani na kulipiga kwa fimbo.

Wenye viwanda, tuandikieni mafuta ni ya alizeti, ya mawese au ya ng'ombe. Nawe shangazi, sufuria safi na mafuta mapya. Blanketi halina kosa.